Barua ya Binti wa Wingwi



Jumamosi iliyopita, jua likiwa limekwisha kuinama, nilipigiwa hodi nyumbani na bwana mmoja ambaye ni mfanyakazi wa kiwanda huko Chang'ombe. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki, na usoni alikuwa na ile hali ya mtu aliyekwisha kugombana na jamaa zake na sasa anatafuta wa kumpa haki. Nilimkaribisha, akanywa maji, kisha akatoa karatasi mbili na kuzilaza mezani kama mtu awekaye vielelezo mbele ya hakimu.

"Ndugu yangu," aliniambia, "wewe huandika gazetini mambo ya wazazi na watoto. Nisomee hizi, kisha uniambie nani mwenye kosa."

Bwana huyu ni mzaliwa wa Wingwi, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, katika Wilaya ya Micheweni. Huu ni mwaka wake wa ishirini na kitu hapa Dar es Salaam, lakini kama walivyo Wapemba wengi wanaoishi mjini, moyo wake na mfuko wake vyote viwili bado viko kwao. Binti wa kaka yake amemaliza Kidato cha Sita kwa masomo ya Fizikia, Kemia na Biolojia, amefaulu vyema, na anataka kusomea udaktari. Amepata habari za ufadhili wa kwenda kusoma nje ya nchi. Wafadhili hao hawakuridhika na vyeti peke yake. Wamemtaka mwombaji aandike, kwa fikira zake mwenyewe, barua ya kujieleza yeye ni nani na kwa nini anataka kuwa daktari.

Binti aliandika. Akaipeleka kwa ami yake kwa njia ya simu ili amsahihishie Kiingereza, maana huyu ndiye mtu wa mjini katika ukoo. Ami aliisoma, ikamsikitisha, akaiweka kando. Akaketi na kijana mmoja mwenye duka la kupiga chapa, wakatunga nyingine mpya kabisa. Alipoirudisha Wingwi ili binti atie sahihi, jibu lilikuja siku ile ile: "Ami, haya si yangu."

Alichokitaka bwana huyu kwangu kilikuwa kitu chepesi: nimwandikie binti maneno mawili matatu juu ya kuwatii wakubwa. Nilishindwa kumtimizia haja yake, na leo nataka nikueleze wewe, msomaji, kwa nini nilishindwa. Najua kwamba katika nyumba nyingi za wafanyakazi kuna kijana aliyeinamia karatasi ya namna hii, na nyuma ya bega lake yupo mzazi, mjomba au kaka mkubwa ambaye mkono unamwasha ainyakue kalamu.

Kwanza tuelewane juu ya barua yenyewe, kwa kuwa wengi wetu hatukuizoea. Kijana anayeomba udaktari Muhimbili, Bugando, Moshi au katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hupimwa zaidi kwa alama zake za Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa mujibu wa miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu. Hakuna anayemwuliza habari za moyo wake. Mimi siudharau utaratibu huo hata kidogo. Alama haijui kama mtoto amesomea kwa taa ya umeme au kwa kibatari, walakini pia haijui kama baba yake ana rafiki serikalini.

Ng'ambo mambo ni mengine. Huko Uingereza maombi ya udaktari kwa kawaida hupitia chombo kimoja kiitwacho UCAS. Mwombaji huruhusiwa kuomba kozi za udaktari zisizozidi 4, na tarehe ya mwisho kwa masomo hayo ni 15 Oktoba, mapema kuliko masomo mengine mengi. Kwa miaka mingi mwombaji alitakiwa aandike insha moja ndefu ya kujieleza. Kwa wanaoanza masomo mwaka 2026, insha hiyo imegawanywa katika maswali matatu: kwa nini unataka kusoma somo hili; masomo uliyokwisha kuyapata yamekuandaa vipi; na nje ya darasa umefanya nini kingine cha kukuandaa, na kina faida gani. Majibu yote matatu kwa pamoja hayawezi kuzidi alama 4,000, na katika hesabu hiyo zimo herufi, nukta na hata nafasi tupu baina ya maneno. Marekani, ambako aghalabu mtu huingia chuo cha udaktari baada ya kupata shahada ya kwanza, fomu inayotumiwa na vyuo vingi hutoa alama 5,300. Nayo Serikali ya China, ambayo imewasomesha vijana wengi wa Afrika, humtaka mwombaji wa ufadhili wake aeleze kwa maandishi mpango wake wa masomo. Almuradi kila mlango una swali lake, na swali lenyewe halijibiwi na cheti.

Sasa nikarejea kwenye zile karatasi mbili. Niliianza ile ya ami, maana ndiyo iliyopigwa chapa vizuri.

Ilianza kwa kusema kwamba tangu utotoni mwandishi alikuwa na ndoto ya kuwa daktari. Aya ya pili bibi yake alifia mikononi mwake, usiku wa mvua, kwa kukosa matibabu. Aya ya tatu Wingwi haina hospitali, haina barabara, haina dawa. Aya ya nne alitajwa Dk. Ali Mohamed Shein, mzaliwa wa Chokocho, kusini ya Pemba, aliyesoma katika Umoja wa Kisovieti na baadaye akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, kabla ya kuwa Rais wa Zanzibar kuanzia 2010 hadi 2020. Aya ya mwisho iliwaomba wafadhili, kwa unyenyekevu mkubwa, wamhurumie mtoto wa mvuvi maskini.

Nilimwuliza, "Bibi yake alifia mikononi mwake?"

Akakohoa kidogo. "Bibi alikufa, Mungu amrehemu. Lakini mtoto alikuwa na miaka miwili."

"Na Wingwi haina dawa wala barabara?"

"Kituo cha afya kipo. Hospitali ipo Micheweni, si mbali. Barabara ipo." Akanitazama kwa jicho la lawama. "Mimi nilitaka waone huruma, bwana. Bila ya huruma nani atampa mtoto wa Kipemba fedha zote hizo?"

Usimcheke, msomaji. Bwana huyu si mwongo wa tabia; ni mtu anayempenda mtoto wa kaka yake, naye amefanya kile ambacho amefundishwa kwamba ndicho kiandikwacho katika barua ya maombi. Hebu zikumbuke barua tulizofundishwa shuleni. Huanza kwa kutajwa kichwa cha habari hapo juu, huendelea kwa kujishusha, na humalizika kwa matumaini kwamba ombi litafikiriwa. Mwombaji mwenyewe hayumo ndani yake. Kilichomo ni shida yake.

Kisha nilimsimulia kisa kimoja cha kweli. Mwaka 2007 hao UCAS wa Uingereza walizipitisha barua 50,000 za waombaji katika mashine ya kulinganisha maandishi, nyingi zikiwa za wale waliotaka udaktari na masomo ya namna hiyo. Wakakuta kwamba waombaji 234 walikuwa wamesimulia tukio lile lile moja, la kuunguza nguo ya kulalia kwa sababu ya mchezo wa kemia walipokuwa na umri wa miaka 8. Fikiri, watoto 234 wenye nguo za kulalia zilizotoboka, kila mmoja katika nyumba yake! Wengine 175 walikuwa na babu mzee au mgonjwa aliyeandikwa kwa maneno yanayofanana. Maneno yalikuwa yameokotwa mahali pamoja, kutoka katika mifano iliyowekwa kwenye intaneti, na kila aliyeokota alidhani kwamba yuko peke yake.

Bwana aliiangalia karatasi yake kwa muda. "Na bibi naye?" aliuliza.

"Na bibi naye," nilimjibu. Bibi anayekufa usiku wa mvua ni wa kila mtu. Msomaji wa barua hizi, ambaye huenda siku hiyo amekwisha kuzisoma arobaini, hawezi kumtofautisha bibi wa Wingwi na bibi wa Nairobi au wa Lahore. Siku hizi hatari hiyo imezidi, maana zipo programu za kompyuta ambazo ukiziambia neno moja tu hukuandikia barua nzima, safi, yenye bibi ndani yake. Vyuo vinalijua hilo, na barua iliyoandikwa hivyo na kuletwa kama ni kazi ya mwombaji huhesabiwa kuwa udanganyifu.

Tena lipo jambo ambalo watu wa duka la kupiga chapa hawalifikirii. Barua hii haiishii katika bahasha. Vyuo vingi vya udaktari huwaita waombaji kwa mahojiano, ana kwa ana au kwa kupitia kompyuta, na muulizaji anaweza kuishika ile ile barua mkononi. Atasema kwa upole: tueleze habari za bibi yako, alikuwa anaumwa nini? Hapo binti aliyelelewa Wingwi, aliyefundishwa chuoni na nyumbani kwamba uongo ni haramu, atafanya nini? Ama atadanganya mara ya pili, mbele ya watu wanaotafuta mtu wa kukabidhiwa miili ya wagonjwa, ama atanyamaza. Alipokataa kutia sahihi hakuwa amemvunjia heshima ami yake. Alikuwa anakataa kuwekwa mahali hapo.

Habari za Dk. Shein ni za kweli na ni fahari kwa kisiwa kizima, lakini zinajulikana, na zimekula mistari minne ambamo binti angeweza kusema jambo lake mwenyewe.

Basi nikaichukua karatasi ya pili. Nitasema kweli: kwa mtazamo wa kwanza nilimwelewa ami. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga. Ilianza na ule ule mtindo wa kichwa cha habari hapo juu. Sentensi nyingine zilianza Biolojia zikaishia kwenye mwani wa mama yake. Hata hivyo nilipofika katikati nilijikuta nimeusahau mgonjwa niliyekusudia kwenda kumwona.

Binti ameandika juu ya kichocho. Kwa wale wasioujua, kichocho ni ugonjwa unaoletwa na minyoo wadogo wakaao katika mishipa ya damu karibu na kibofu. Mtoto hukojoa damu. Mayai ya minyoo hao hutoka kwa mkojo, na yakifika katika maji baridi ya mto, bonde la mpunga au dimbwi, viluwiluwi wake huingia katika konokono wa majini, hukua na kuongezeka humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu yeyote anayeoga au kufua humo. Pemba imepigana na ugonjwa huu kwa miaka mingi. Pale Wawi, Chake Chake, ipo tangu mwaka 2000 Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa Kitaliano wa magonjwa ya minyoo. Na wataalamu wa mkoa wa Jiangsu wa China, mkoa ambao umekuwa ukileta madaktari Zanzibar tangu 1964, walianza mwaka 2017 kazi maalumu ya kupambana na kichocho katika baadhi ya shehia za Pemba.

Lakini binti hakuyaandika hayo. Aliandika kwamba mdogo wake alikuwa akikojoa damu na hakumwambia mtu, kwa kuwa wenziwe wengi walikuwa hivyo hivyo na walidhani ni jambo la kukua. Aliandika kwamba siku ya kugawa dawa shuleni watoto walisimamishwa mmoja mmoja kwenye mti wenye alama, wakapimwa urefu, na kwa kadiri ya urefu wakapewa idadi ya vidonge. Yeye, akiwa wakati huo Kidato cha Pili, alimwuliza mgawaji: kwa nini mnapima urefu, na darasani tumeambiwa dawa huenda na uzito? Yule bwana alimjibu kwamba mizani ni mizito kuibeba na huharibika, na urefu wa mtoto hukaribiana na uzito wake kiasi cha kutosha. Binti ameandika kwamba siku hiyo ndipo alipofahamu kuwa katika utabibu kuna kitu kinaitwa kiasi cha kutosha, na kwamba lazima awepo mtu aliyekaa akahakikisha kwamba kweli chatosha.

Msomaji, sentensi hiyo haiuzwi katika duka lolote la kupiga chapa.

Akaendelea. Watoto waliomeza dawa bila ya kula walitapika, na mwaka uliofuata baadhi yao walijificha siku ya dawa. Yeye na wenzake wawili waliwaomba akina mama wawapikie watoto uji asubuhi hiyo. Hakusema ni watoto wangapi waliokunywa uji, kwa sababu, ameandika, hawakuhesabu, na sasa anajuta kwamba hawakuhesabu. Na mwisho wa aya ile ameandika kuwa mdogo wake alipona, kisha akaugua tena baada ya mwaka mmoja, kwa kuwa alirudi kuoga pale pale.

Nilimwuliza bwana kwa nini aliyafuta hayo yote. Alisema ni mambo ya aibu: mkojo, kutapika, mtoto wao kuugua mara ya pili. "Wataona sisi watu wachafu."

Hapo ndipo tulipozungumza kwa muda mrefu, na chai ikaletwa. Nilimwambia kwamba baina yake na binti hapakuwa na ugomvi wa Kiingereza. Sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba kujisifu ni utovu wa adabu, na ni malezi mema. Mtoto wa Pemba hasemi "mimi nilifanya", husema "tulijaaliwa". Barua ya kujieleza humtia mtoto huyo katika dhiki, kwa sababu inamtaka aseme nafsi yake. Akikosa njia, hukimbilia moja kati ya mambo mawili: ama aombe sadaka, ama avae sifa za kuazima. Bwana alikuwa amemchagulia yote mawili.

Njia ya tatu wazee wetu waliijua, nayo ni ya shahidi mbele ya kadhi. Shahidi hajisifu wala haombi kuhurumiwa. Anaulizwa: uliona nini kwa macho yako, ulikuwa umesimama wapi, ulifanya nini, na kipi hukukiona? Akisema "hilo sikulihesabu", kadhi humwamini zaidi katika yale aliyoyahesabu. Binti wa Wingwi, bila ya kufundishwa na mtu, alikuwa ameandika ushahidi. Wasomaji wa barua zile, ambao wengi wao ni waganga na walimu wa waganga, kazi yao ya kila siku ni kusikiliza ushahidi wa namna hiyo kutoka kwa wagonjwa.

Hata hivyo sikumwachia binti ushindi wote, kwani barua yake ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa ambao ami, katika kukasirikia mkojo, hakuuona. Hakueleza mahali popote kwa nini awe daktari. Mambo yote aliyoyasimulia yangeweza kumpeleka mtu kwenye uuguzi, au kwenye kazi ya bwana afya, au kwenye maabara pale Wawi akachungulie mayai ya minyoo kwa hadubini. Na kazi hizo si ndogo kuliko udaktari. Swali hilo wafadhili wataliuliza kwa yakini. Tena alikuwa amemtaja mdogo wake kwa jina. Nikamwomba bwana ampigie simu pale pale.

Simu iliitika baada ya kukatika mara mbili. Nilisikia sauti ndogo, yenye kujihadhari, ikimsalimia ami yake kwa heshima na kisha kunipa mimi shikamoo. Nilimwuliza kama amemwomba mdogo wake ruhusa ya kuandika habari zake. Akanyamaza. Akasema hakufikiri. Nilimwambia kwamba siri ya mgonjwa huanza kulindwa kabla ya mtu kuvaa koti jeupe, basi amwulize, na hata akikubali, jina lisiwepo. Nikamwuliza swali la pili: kwa nini daktari? Alisema ataniandikia. Nilimwomba aandike kwanza kwa Kiswahili, kama anavyomwandikia mtu wa nyumbani, na Kiingereza kije baadaye kwa sentensi fupi fupi. Vijana wengi huanza moja kwa moja kwa Kiingereza cha shule, na Kiingereza hicho ndicho kinachowachagulia la kusema. Huandika yale wanayoyajulia maneno, na yale waliyoyaona hubaki Wingwi.

Jibu lilifika Jumatatu usiku. Nimepewa ruhusa na wote wawili nikueleze kwa muhtasari.

Shangazi yake alishikwa na uchungu wa kuzaa, naye binti akafuatana naye hospitalini. Mambo yakawa mazito. Muuguzi aliyekuwapo, mwanamke mtu mzima mwenye maarifa, alitambua mapema kwamba mtoto hakukaa vizuri, akafanya yote aliyoweza, kisha akatuma daktari aitwe, kwa sababu uamuzi wa kupasua haukuwa wake. Walimngoja. Binti ameandika kwamba katika muda ule wa kungoja alimtazama muuguzi, akaona kuwa anajua lakini hana mamlaka, na alipofika daktari alimwona akiuliza maswali matatu tu kisha akaamua. Shangazi alijifungua salama kwa kupasuliwa. "Nilitaka kujua," ameandika, "ni kitu gani alichokijua yule daktari hata maswali matatu yakamtosha. Na nikitumwa kuitwa, nisichelewe."

Kisha akaongeza jambo ambalo lilikuwamo katika karatasi yake ya kwanza vilevile, na ambalo ami alilifuta kwa kalamu nyekundu, mistari miwili. Alipoiona damu katika shuka la shangazi yake, kichwa kilimzunguka, akatoka nje, akakaa barazani. Baada ya muda akarudi ndani, akamshika shangazi yake mkono.

Juzi Jumatano bwana alikuja tena, safari hii bila ya kijana wa duka. Tuliketi na ile barua mpya. Tulisahihisha tahajia, tukavunja sentensi mbili ndefu, tukafuta kichwa cha habari hapo juu pamoja na unyenyekevu wake wote. Dk. Shein alistarehe. Mdogo wake, ambaye alikubali kwa sharti aletewe mpira, aliingia bila ya jina. Uji ulibaki, na kutohesabu kulibaki. Tulipomaliza tulihesabu alama moja moja, tukaona zimebaki nafasi za kutosha, na bwana alitaka kuijaza nafasi hiyo na neno juu ya umaskini wa familia. Nilimwambia kwamba fomu ina mahali pake pa kuandika kipato cha mzazi, na huko ndiko uliko umaskini wa baba yake, kwa tarakimu, usiohitaji machozi.

Lilibaki lile la damu. Bwana aliweka kidole juu yake. Alisema amekubali mengine yote, lakini hili haliwezi kuwa la busara: ni daktari gani anayeandika mwenyewe kwamba anaogopa damu? Watamcheka. Watampa nafasi mwingine. Hoja yake si ya kijinga, na ninakiri kwamba mimi mwenyewe nilisita. Wapo wasomaji wa barua ambao wataliona neno hilo kuwa ni udhaifu. Wapo wengine, na ninadhani ni wengi zaidi, ambao wanakumbuka siku waliyotoka nje wao wenyewe, na watakaloangalia ni kama alirudi ndani.

"Uamuzi si wangu wala si wako," nilimwambia. "Mwulize mwenye barua."

Akapiga simu. Mtandao ulikuwa mbaya, akasimama dirishani, akaeleza kwa urefu, kwa upole ambao sikuusikia siku ya kwanza. Alisikiliza. Akasema, "Haya, mwanangu." Akarudi mezani, akaikunja ile karatasi.

"Anasema niiache."

Akaiingiza ndani ya bahasha yake ya kaki, akaniaga, akatoka upesi kuwahi basi la Chang'ombe, kwa kuwa zamu yake ilikuwa inaanza saa mbili usiku.